Sura ya Tisa: Barua Iliyoondolewa Masjala

Dada wa marehemu alipiga simu saa mbili kamili asubuhi, kama alivyofanya kila siku tangu Jumamosi. Mpelelezi Gunvor Lidfors alipokea akiwa bado hajavua koti, theluji iliyoyeyuka ikimchuruzika viatuni.

"Mama ameuliza tena," alisema Leelo kutoka Tartu. "Anataka kujua kama mwanawe alijirusha au alianguka. Nimjibu nini?"

"Mwambie bado natafuta."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Na kesho huenda nikarudia. Sitaki kukupa neno leo halafu nije nilichukue tena."

Leelo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha lia hadi machozi yakamkauka, akasema jeneza litafika Jumamosi na waombolezaji watauliza.

Gunvor alikata simu, akaketi, akaunyoosha mguu wa kulia chini ya meza. Goti lilikuwa likimsumbua tangu Oktoba. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na wiki hiyo alihisi kama ameongezewa kumi.

Jalada lililokuwa mezani lilikuwa jembamba. Kaarel Pihlak, Mwestonia wa miaka arobaini na mitatu, mtaalamu wa mantiki. Miaka tisa alifanya kazi katika idara ya kompyuta ya chuo kikuu cha Lindhamn, kila mwaka kwa mkataba wa mwaka mmoja. Masika yale chuo kilitangaza nafasi moja ya kudumu ya mtafiti wa mantiki ya sayansi ya kompyuta, ya kwanza katika miaka kumi na miwili. Waliomba watu thelathini na wanne, naye akiwemo. Jumatano ya wiki iliyopita jina lilitolewa, na halikuwa lake. Ijumaa alasiri, saa kumi na dakika thelathini na moja, mfanya usafi alimkuta chini kabisa ya ngazi za idara, ameshakata roho. Juu ya meza yake, ghorofa ya nne, kulikuwa na karatasi ya mistari iliyoandikwa kwa mkono wake:

*haiwezi kuthibitishwa. Nimechoka. Naomba radhi kwa wote nitakaowaumiza. Kaarel*

Askari wa zamu waliunganisha mambo hayo katika nusu saa: amenyimwa kazi, ameandika kwaheri, amejirusha. Mkuu wa Gunvor aliafiki, na alitaka jalada lifungwe kabla ya wiki kwisha.

Lakini mambo mawili yalikataa kukaa mahali pake. La kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba Gunvor aliona haya kulitaja kikaoni. Karatasi ile ilianza kwa herufi ndogo. Alikuwa amepekua madaftari yote ya Kaarel, hata orodha za sokoni, na mtu yule aliweka nukta kamili baada ya neno "maziwa".

La pili lilikuwa la fundi wa chumba cha mashine za kuchapia, kule chini. Alisema alisikia kishindo redio ikisoma taarifa ya habari ya saa kumi, kabla ya utabiri wa hali ya hewa. Yaani saa kumi na dakika tano, haizidi hapo. Kadi ya mlango ya Kaarel nayo ilifungua ofisi yake saa kumi na dakika kumi na nne. Askari wa zamu walisema fundi amekosea saa. Gunvor alikwenda kwa fundi mara mbili, na mara zote mbili yule bwana alimjibu hivi: "Mama, mimi hunywa kahawa kwa redio hiyo tangu ulipokuwa bado una nywele nyeusi."

Alivaa glavu, akatoka.

*

Masjala ya idara ilikuwa chumba kimoja kwenye ghorofa ya kwanza, kimejaa makabati ya kijivu na harufu ya kahawa iliyokaa. Kila barua iliyoingia ilipaswa kuandikishwa pale kwa sheria ya nchi, na raia yeyote aliweza kuja kuomba kuisoma bila kusema jina lake. Aliyekuwa akiandikisha ni Maj-Britt Hedlöf, mwanamke mfupi wa miaka sitini na mitatu, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi.

"Umefuata maombi ya ile kazi?" alimwuliza Gunvor kabla ya salamu. "Wewe ni wa nne wiki hii. Watatu wa kwanza ni walionyimwa. Wanakuja kusoma ya mshindi, wanatoka wamenuna."

"Nimefuata zaidi ya hayo. Nataka orodha ya kila karatasi iliyoingia humu Ijumaa."

"Kila karatasi?"

"Hata tangazo la mtu anayeuza baiskeli."

"Ziliingia kumi na saba," alisema Maj-Britt bila kutazama popote. "Baiskeli haikuwepo."

Aliichapa orodha, akampa, kisha akageuka kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Gunvor alisoma amesimama, uzito wote ameutupia mguu wa kushoto. Alipofika mstari wa kumi na nne alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

Nambari 2218. Mtumaji: K. Pihlak. Kwenda kwa: mkuu wa idara. Kuhusu: uthibitisho wa mfumo wa taa za reli. Imepokelewa saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri. Na pembeni, kwa herufi zilezile za mashine: *Imeondolewa Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwa ombi la mtumaji.*

"Maj-Britt, mtumaji alikufa lini?"

"Ijumaa."

"Na ombi lake limekuja Jumatatu."

"Ndiyo."

"Alikuja mwenyewe?"

Maj-Britt alifungua kikopo cha ugoro, akachukua kijifuko kimoja, akakibana chini ya mdomo wa juu. "Wewe unanifanyia mzaha, na mimi usingizi sijauona siku ya nne leo."

"Basi niambie nani alikuja."

"Sixten."

Profesa Sixten Ahlmark alikuwa mkuu wa idara. Gunvor alikuwa amemhoji Jumatatu jioni kwa dakika ishirini. Mzee mtaratibu, sauti ya chini, koti la sufu. Alisema mara ya mwisho alimwona Kaarel Jumatano, na kwamba Ijumaa aliondoka na treni ya saa nane mchana kwenda Stockholm.

"Nilikuwa sijavua hata kofia," aliendelea Maj-Britt. "Akaniambia, 'Kaarel ameniomba nimrudishie barua aliyokuletea Ijumaa, ile ya saa kumi kasoro. Amebadili mawazo.' Habari ya msiba tulisomewa saa nne, kikaoni. Saa mbili mimi nilikuwa sijui kitu. Nikampa."

"Alisema hivyo? Ya saa kumi kasoro?"

"Kwa mdomo wake. Ikanishangaza kidogo, maana Kaarel alikuja peke yake na koridoni hakukuwa na mtu. Ijumaa watu huondoka mapema."

"Na uliposikia kwamba amekufa?"

Maj-Britt alivua miwani ambayo hata hakuwa ameivaa sawasawa, akaiacha ianguke kifuani. "Nilidhani mtakuja kuniuliza. Jumanne nikadhani mtakuja. Jana pia. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu, Gunvor, na anayetia saini likizo zangu ni yeye. Najua hiyo si sababu."

Gunvor hakumkemea. Alikuwa ameshasikia maneno kama hayo kwa watu wengi, na mara mbili tatu aliyasema mwenyewe. "Kwa hiyo barua anayo Sixten."

"Karatasi anayo Sixten." Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mama yule alimtazama machoni. "Lakini humu hakuna kinachogongwa mhuri kabla sijakipiga skani. Miaka thelathini na mmoja sasa. Sixten hajui, kwa sababu katika miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza nafanya nini humu ndani."

Mashine ilikohoa, ikatoa kurasa mbili.

Ukurasa wa pili Gunvor aliujua kwa moyo. Ulikuwa na maneno yaleyale, mwandiko uleule. Ukurasa wa kwanza ulijaa alama asizozielewa, lakini aya ya mwisho ilikuwa ya lugha ya watu. *Uthibitisho wetu wote umesimama juu ya kauli moja, kwamba treni ikishatoka kwenye kipande cha reli hairudi tena ndani yake. Tuliichukua kuwa kweli bila kuithibitisha. Nimeijaribu kwa miezi mitatu, kwa kila njia, na*

Ukurasa uliishia hapo. Gunvor akaufunua wa pili. *haiwezi kuthibitishwa. Nimechoka.*

Alizisoma kurasa zile kwa kufuatana mara mbili, kisha akaomba kahawa, na Maj-Britt akammiminia.

*

Ofisi ya Ylva Brandefelt ilikuwa ghorofa ya nne, milango miwili kutoka ya marehemu. Ndiye aliyepewa ile nafasi. Gunvor alikuwa amemhoji mara mbili wiki ile, maana kadi yake ilisomwa kwenye mlango wa ghorofa saa kumi kasoro dakika mbili siku ya Ijumaa, na maelezo yake yalikuwa kwamba alirudi kuchukua viatu vya mvua vya mtoto. Mara zote mbili aliyasema kwa namna ileile, bila kuongeza wala kupunguza, na Gunvor hakujua kama huo ni ukweli au ni mazoezi.

"Umekuja kunikamata?" Ylva aliuliza alipomwona mlangoni. Alikuwa na bakuli la supu ya njegere mezani, limepoa, na maboksi ya vitabu ambavyo hajavipanga.

"Nimekuja unisomee kitu. Sikujua nani mwingine anaweza kukielewa."

Ylva alichukua ukurasa wa kwanza. Alianza kusoma kama mtu anayesoma tangazo, halafu akasogeza bakuli. Baada ya dakika tano alisimama, akafuta ubao mweupe kwa kiganja, akaanza kuchora. Mistari ya reli, vipande vyenye nambari, vishale. Gunvor alikaa kwenye kiti cha wageni. Nje, mvua ya theluji ilikuwa ikigeuka kuwa mvua tu.

Ilipita robo tatu ya saa. Ylva alikaa sakafuni, mgongo ukutani, kalamu ya wino bado mkononi.

"Nieleze kama unamweleza mtoto wako," Gunvor alisema.

"Disa angeelewa haraka kuliko wewe, samahani." Hakucheka. "Haya. Handaki la Kråkberget limegawanywa vipande. Kipande kikiwa na treni, taa ya nyuma yake ni nyekundu. Treni ikitoka, taa inakuwa kijani, ya pili inaingia. Sisi hapa idarani tulithibitisha kwamba mfumo mpya wa taa hauwezi kamwe kuweka treni mbili kwenye kipande kimoja. Programu ikaukagua uthibitisho mstari kwa mstari, ikaukubali. Magazeti yaliandika."

"Programu ilikosea?"

"Haikukosea. Iliambiwa kuna kitu kimoja ikipokee tu, isikihoji. Kwamba treni hairudi nyuma. Lakini katikati ya handaki kuna mteremko, na treni ya mizigo ikikwama pale hushushwa nyuma hadi reli ya pembeni. Kaarel amechora hatua tisa. Hatua tisa tu, na taa ni ya kijani mbele ya treni ya pili." Aliuelekeza ubao kwa kalamu. "Nimejaribu kuivunja hoja yake mara tatu. Nimeshindwa."

"Mfumo huo unawashwa lini?"

"Jumatatu asubuhi."

Ilikuwa Alhamisi, saa saba na nusu mchana.

"Kuna jambo lazima nikuulize," alisema Gunvor. "Hii kazi uliyopewa imetokana na nini?"

"Na mkataba wa kampuni ya reli na Sixten. Uthibitisho huu ukianguka, mkataba umeanguka. Na mkataba ukianguka, mimi..." Alitafuta neno, akaliacha. "Nimehama nchi tatu kwa miaka saba. Disa ana miaka sita, na ameshasoma chekechea nne. Wiki iliyopita tumempigilia rafu ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza naweka msumari kwenye ukuta wa nyumba."

"Ukisema huna hakika, sitakulazimisha. Nitatafuta mtu mwingine, labda Uppsala, labda Copenhagen."

"Atachukua muda gani?"

"Wiki, pengine."

Ylva aliutazama ubao kwa muda mrefu. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mizigo hadi mlangoni, halafu akaambiwa nyumba si hiyo. Kisha akainuka, akajipangusa suruali, akachukua simu ya mezani.

"Yuko sahihi," alisema. "Kaarel yuko sahihi. Nipe nambari ya mamlaka ya reli, nitawaeleza mwenyewe. Wewe ukiwaambia vipande na mteremko, watakuweka kwenye foleni."

Alizungumza nao dakika hamsini, akipitishwa kwa watu watano. Kwa kila mmoja alianza upya na jina lake na kazi yake. Wa tano alikuwa mhandisi. Huyo alimwacha amalize, akauliza maswali mawili, kisha akasema mfumo hautawashwa hadi watakapojiridhisha. Ylva aliweka simu chini, akaila supu yake ikiwa baridi vilevile.

Gunvor alitoka koridoni, akapiga Tartu.

"Leelo, sikiliza. Kile kikaratasi hakikuwa kwaheri. Kilikuwa nusu ya barua ya kazi. Ndugu yako alikuwa anawatahadharisha watu juu ya hatari, na anaomba radhi kwa wenzake watakaopoteza kazi."

"Kwa hiyo hakujirusha," alisema Leelo.

"Hakujirusha. Mengine nitakueleza yakishakamilika."

"Hilo moja linatosha kwa leo," alisema Leelo. "Acha nikamwambie mama."

*

Sixten Ahlmark alikuja kituoni mwenyewe saa tisa, amevaa koti lilelile la sufu. Alipoambiwa ana haki ya wakili alishukuru, akakataa. Gunvor aliwasha kinasa sauti, akataja tarehe na majina, akaweka kalamu na karatasi mbele yake kwa sababu hakuwahi kukiamini chombo chochote peke yake.

"Ijumaa uliondoka na treni ya saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi na mbili. Nilishasema."

"Tiketi ya saa nane ulinunua kweli. Kondakta hakuikagua. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi ukanunua nyingine pale stesheni, kwa kadi yako ya benki."

Profesa alikunja mikono. "Niliikosa ya kwanza."

"Sawa. Watu hukosa treni. Ulikuwa wapi kati ya treni na treni?"

"Mjini. Nilitembea."

"Kwenye mvua ile."

"Mimi si wa sukari, Gunvor."

Akaandika. Hakuwa na haraka. Zamani, katika hatua kama hii, moyo ulikuwa ukimwenda mbio, siku hizi alisikia goti tu. "Jumatatu asubuhi ulikwenda masjala kuchukua barua."

"Kaarel aliniomba."

"Alikuomba lini?"

"Alinipigia Ijumaa."

"Simu yake tumeikagua. Baada ya saa tano asubuhi hakumpigia mtu, na hakuna aliyempigia."

"Basi ilikuwa Jumatano. Aliniambia ana nia ya kuandika."

"Jumatano alijua kwamba Ijumaa, saa kumi kasoro, atakuwa anamkabidhi Maj-Britt?"

Gunvor alisukuma mbele yake nakala ya orodha ya masjala, kidole akakiweka kwenye mstari wa kumi na nne.

"Wewe ndiye mtu wa mantiki, nisaidie. Barua imegongwa mhuri saa kumi kasoro dakika ishirini. Aliyemwona akiileta ni Maj-Britt peke yake, na Maj-Britt hakumwambia mtu. Saa kumi na dakika tano Kaarel ameanguka. Jumatatu wewe unaijua barua, na unaijua saa. Umeijua kutoka kwa nani?"

Mzee aliisoma orodha yote, tangu mstari wa kwanza hadi wa kumi na saba, kana kwamba ni kazi ya mwanafunzi aliyopewa asahihishe. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya chini, "Alipiga skani?"

"Alipiga skani."

"Na ukurasa wa kwanza mmeusoma."

"Ylva ameusoma. Kaarel alikuwa sahihi. Mamlaka ya reli wamesimamisha."

Hapo ndipo mabega yalipomshuka. Alivua miwani, akajisugua macho kwa vidole viwili, na kwa dakika moja alionekana kama abiria aliyelala stesheni usiku kucha. Alipoanza kusema hakuhitaji kusukumwa.

Alikuwa amerudi idarani kuchukua kompyuta aliyoisahau, ndiyo sababu ya kukosa treni, akabaki ofisini akingoja nyingine. Saa kumi kamili alikutana na Kaarel kwenye ngazi, ghorofa ya nne, na Kaarel akampa barua mkononi. Sixten aliisoma amesimama pale. Akamsihi angoje hadi mfumo uwashwe, kosa wangelirekebisha kimyakimya. Kaarel akakataa, akasema nakala iko masjala tangu saa kumi kasoro, ina mhuri. Wakavutana karatasi. Ukurasa wa kwanza ukabaki kwa Sixten, wa pili ukamponyoka ukaning'inia kwenye nondo za kizuizi, upande wa nje. Kaarel akainama kuudaka, na kizuizi cha ngazi zile ni kifupi, jengo ni la zamani.

"Sikumsukuma," alisema.

"Hilo litasemwa mahakamani. Endelea."

"Niliteremka. Karatasi ilikuwa imeangukia karibu yake. Nilipoitazama peke yake, bila ile ya kwanza, nikaona inavyosomeka."

"Ukachukua kadi yake ya mlango."

"Mfukoni mwa shati."

"Kwa nini hukuita gari la wagonjwa?"

Sixten alifikiri kwa makini. "Nilidhani ameshakufa," alisema. "Mwanzoni."

Gunvor alinyanyua kichwa, akakiinamisha tena. Ripoti ya daktari ilisema mtu yule huenda aliishi dakika ishirini baada ya kuanguka. Hakuitaja. Alimaliza kuandika aya, akauliza kuhusu ukurasa wa kwanza, akaambiwa uliishia kwenye jiko la kuni la nyumba ya mapumziko. Akauliza kuhusu Jumatatu. Mwishoni alimsomea maelezo yote kwa sauti, taratibu, kama kanuni inavyotaka, kisha akamgeuzia karatasi azihakiki mwenyewe.

Profesa alivaa miwani. Alisoma kwa kalamu mkononi, midomo ikichezacheza. Kwenye ukurasa wa tatu akasimama.

"Hapa pana kosa."

"Wapi?"

"Mstari wa saba. Umeandika, 'Nilipofika chini, alikuwa bado anapumua.' Hivyo inaeleweka ni mara ya kwanza, nilipochukua kadi. Mara ya kwanza sikuangalia. Hii ni mara ya pili, nimeshaweka karatasi ofisini kwake, nimeteremka kumrudishia kadi mfukoni." Aligonga neno lile kwa ncha ya kalamu. "Si 'nilipofika'. Andika 'niliporudi'."

"Una hakika?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

Gunvor alilikata lile neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake alivyoelekezwa, kisha akamsogezea karatasi aweke saini pembeni ya sahihisho.